Binti yangu anaenda kufundishwa umisionari Ghana, siku yake itakuwaje?

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Dar es Salaam, Mlutheri, nimelifupisha kidogo: "Binti yangu ana miaka 21, alijiunga na Wamormoni akiwa chuo na sasa ameitwa misheni Sierra Leone miezi 18. Kabla ya hapo anapelekwa Ghana kwenye kituo cha mafunzo. Nimeangalia video za kule Utah naona vijana wanakimbizana na ratiba toka asubuhi mpaka usiku, simu hamna, kutoka peke yao hamna. Huko Ghana siku yake itakuwaje, toka anaamka mpaka analala? Na je akizidiwa?"

Shikamoo mama. Umefanya vizuri sana kuuliza, maana wazazi wengi ambao sio waumini wa kanisa hili wananyamaza tu halafu wanakaa na wasiwasi miezi yote, na mtoto naye anaondoka hajui mzazi anawaza nini. Mimi nilitumika misheni kama binti yako, baadae nikiwa nasoma Accra nikafundisha kituo hicho hicho anachoenda, na sasa hivi nawaandaa vijana wanaosubiri wito, kwa hiyo nitakujibu kwa ninachokijua na penye ugumu sitakuficha.

Ratiba ni kali kweli ila mwili unaizoea ndani ya siku chache, chakula kipo, usingizi upo, na simu utapigiwa. Kinachowatoa jasho vijana wetu wa Afrika Mashariki ni kuishi na mtu mwingine bila kuachana hata dakika, na kufungua mdomo kwa Kiingereza mbele ya watu. Ukiweza kumsaidia kwenye hayo kabla hajapanda ndege utakuwa umemfanyia kazi kubwa kuliko begi zuri na viatu vipya.

Kuhusu video za Utah, kile ni kituo cha Provo, kituo mama. Kilianza 1961 kama darasa dogo la Kihispania pale chuo kikuu cha Brigham Young, 1976 wakahamia kwenye majengo yao wenyewe, 2017 wakaongeza majengo mawili makubwa na sasa kinaweza kuchukua vijana kama 3,700 kwa wakati mmoja, lugha zinazofundishwa ni zaidi ya 50. Ndio maana kwenye video unaona umati. Ghana ni kituo kidogo, kilifunguliwa 2002, wanaofika pale wengi ni vijana wa Afrika, Wanigeria, Waghana, Wakongo, Waivory Coast, Waliberia, na wetu wa huku, madarasa ya Kiingereza na ya Kifaransa. Mtaala ni ule ule na ratiba inafanana, ila mazingira ya pale ni mengine kabisa, wanaimba kwa sauti, wanacheka kwa sauti, na mtu akikusalimia anataka umjibu kweli. Binti yako hatojiona mgeni kama ambavyo angejiona Provo wakati wa theluji.

Halafu kuna jambo wazazi wengi hawaambiwi, mafunzo yanaanzia nyumbani kwako. Tangu wakati wa korona, 2020, vituo vyote vilipofungwa vijana wakafundishwa kwa mtandao, na baada ya kufunguliwa kanisa likaona sehemu ile ya mwanzo iendelee hivyo hivyo. Kwa hiyo kama wiki moja hivi atasomea nyumbani, anaingia darasani kwa video na mwalimu na wenzake, halafu ndio anasafiri kwenda kukaa kituoni wiki chache. Wanaojifunza lugha mpya wanakaa zaidi, mafunzo yao yanafika wiki 6 mpaka 9 kutegemea na ugumu wa lugha, ila yeye anaenda nchi ya Kiingereza kwa hiyo kwake ni muda mfupi.

Sasa ile wiki ya nyumbani ndio inayoharibikaga mama. Mtoto yuko sebuleni na simu, mdogo wake anawasha TV, jirani anapiga hodi, wewe unamwita akatoe nguo kwenye kamba maana mvua inakuja, na kwenye kioo mwalimu anamuuliza swali. Nakuomba mpe chumba kimoja chenye mlango, bando la kutosha, na waambie wa nyumbani kwamba hizo saa hayupo, mchukulie kama ameshaondoka. Na wewe ukipata nafasi kaa pembeni usikilize kidogo wanavyofundishwa, hakuna siri yoyote pale, utaona mwenyewe mtoto wako anaingia kwenye nini, itakupunguzia mawazo kuliko maelezo yangu yote haya.

Haya tuje kwenye siku yenyewe. Kuamka ni saa 12 na nusu asubuhi kwa saa za Ghana, huku kwetu itakuwa saa 3 na nusu maana tumewatangulia saa tatu. Anapiga magoti anaomba, anafanya mazoezi ya mwili kama nusu saa, anaoga, anavaa, wanaenda kunywa chai, nasema chai kwa mazoea yetu ila chai ya majani na kahawa hawanywi kabisa, bila shaka ulishaona kwake nyumbani, ni maziwa, Milo, uji, juisi. Baada ya hapo kuna saa ya kusoma maandiko peke yake, Biblia na Kitabu cha Mormoni, ambacho kwao ni maandiko matakatifu pamoja na Biblia, kisha darasani kama saa tatu na mwalimu. Mchana wanakula, wanarudi kusoma wawili wawili, wanafanya mazoezi ya kufundisha, kuna muda wa kucheza mpira wa wavu au kukimbia siku kadhaa za wiki, chakula cha jioni, darasa tena la jioni, kupanga kesho, kuandika shajara, na saa 4 na nusu usiku taa zinazimwa. Kitabu kinachoongoza yote kinaitwa Hubiri Injili Yangu, kilitoka 2004 na toleo jipya likaja 2023, kina masomo manne ambayo mmisionari anatakiwa ayaelewe mpaka aweze kuyasema kwa maneno yake mwenyewe bila kukariri.

Chakula kina wali mwingi, kuku, maharage, samaki, ndizi za kukaanga, jollof bila shaka, ule wali wa nyanya, na pilipili ipo ya kutosha kwa hiyo kama hapendi pilipili aseme mapema jikoni. Banku watakutana nayo, ni ya unga wa mahindi na muhogo uliochachushwa, vijana wetu wengi siku ya kwanza wanakunja uso na siku ya nne wanaongeza. Hakuna anayelala njaa.

Kiingereza sasa. Watoto wetu Tanzania wamesoma msingi kwa Kiswahili, sekondari Kiingereza kikawa cha kwenye daftari na mtihani, hata aliyefika chuo anaweza kuandika insha nzuri sana lakini ukimwambia simama uombe kwa Kiingereza kwa sauti anashikwa na kigugumizi. Nimewaona wengi, wana akili sana, wanajua maandiko kuliko wenzao, ila siku za mwanzo wamekaa kimya nyuma ya darasa na mwalimu asiyewajua anadhani hawajajiandaa. Wakati huo kijana wa Lagos aliyekaa pembeni yake anaongea kama mvua, kwa kasi, na Kiingereza chake kina mdundo ambao sikio letu halijauzoea, kwa hiyo binti anapoteza nusu ya maneno na anaona aibu kusema rudia.

Dawa yake iko kwenye mazoezi, na mazoezi yanaanza leo. Aanze kuomba kwa Kiingereza chumbani kwake, asubuhi na jioni, kwa sauti, maana sala ndio kitu cha kwanza atakachoombwa kufanya mbele ya watu na ataombwa kila siku. Kisha achukue hadithi moja ya maisha yake mwenyewe, kwa mfano jinsi alivyoanza kusali akiwa chuo, aieleze kwa dakika mbili kwa Kiingereza cha kawaida, sentensi fupi fupi, akishaweza hiyo aongeze nyingine. Asihangaike na maneno makubwa. Na ajifunze kusema bila aibu kwamba samahani sijakuelewa, rudia taratibu, hiyo sentensi itamsaidia kila siku. Akifika Freetown atakuta watu mtaani wanaongea Krio, hiyo ataiokota huko huko sokoni na kwenye nyumba za watu, na hapo atakuwa na faida kuliko Mmarekani kwa sababu Mtanzania aliyekulia kwenye lugha mbili tatu tayari anajua kuishi katikati ya lugha.

La mwenzi ndilo nataka usome taratibu mama. Siku anayofika anapewa mwenzi, sista mwenzake, yaani mmisionari mwenzake wa kike, wakati mwingine wanakuwa watatu, na kuanzia hapo hawaachani. Wanalala chumba kimoja, wanakula pamoja, wanasoma pamoja, wanafundisha pamoja, sheria ni kwamba kila mmoja awe mahali anapoweza kumwona na kumsikia mwenzake, isipokuwa bafuni na chooni. Sheria hii imewekwa kwa ajili ya usalama wao, na pia kwa sababu kule uwanjani, yaani huko misheni watakakotumwa, watafundisha wawili wawili, kama Yesu alivyowatuma wanafunzi wake kwenye Luka sura ya 10. Hajamchagua yeye. Anaweza kuwa wa Benin City, wa Kumasi, wa Kampala, anaweza kuwa anakoroma, anaweza kuwa anaoga dakika arobaini, anaweza kuwa mtu anayesema kila kinachomjia kichwani.

Na hapa malezi yetu yanatuponza kidogo, nasema kwa heshima kabisa maana na mimi nimelelewa hivyo hivyo. Binti wa kwetu amefundishwa kumezea. Akikwazwa ananyamaza, anajibu "hamna shida", anafagia chumba kwa nguvu kidogo, anapunguza maneno, na anategemea yule mwingine ataelewa kwamba kuna kitu. Mwenzake wa Nigeria haelewi hata kidogo! Kwake mtu akiwa na neno analisema, wanabishana dakika tano, yanaisha, wanaenda kula. Kwa hiyo mmoja anaumia kimya kimya wiki nzima na mwingine anadhani wao ni marafiki wakubwa, na ndani ya darasa unaiona hiyo, wanafundisha somo moja lakini kila mtu anavuta upande wake, huyu akimaliza kusema yule anaanza mada nyingine kabisa kana kwamba hakusikia.

Kanisa linalijua hili na limeweka kikao cha wenzi kila wiki, wanakaa wawili wanaanza kwa sala, wanaambiana nini kinaenda vizuri, nini kimenikwaza, wiki ijayo tufanyeje. Kwa wengine kikao hicho kinapita kwa dakika mbili, uko sawa, niko sawa, tuombe. Nikiwa mwalimu nilikuwa nawarudisha wakae tena. Kama kuna jambo moja ungemfundisha binti yako wiki hii ni hili, mkae jioni wewe na yeye, umwambie mwanangu kuna kitu unafanya hakinipendezi ni hiki, na wewe niambie changu. Akiweza kumwambia mama yake jambo gumu kwa sauti ya upole bila kulia na bila kununa, basi atamwambia yeyote. Na wale wenzi waliovuka hapo, mama, wanabaki ndugu. Mimi mwenzi wangu wa kituoni alikuwa wa Aba kule Nigeria, mpaka leo mtoto wake mkubwa ananiita anti.

Darasani wanafundishwa nini siku nzima? Wengi mnadhani ni kukaririshwa mafundisho. Mafundisho yapo, wanasoma jinsi Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa, alivyoomba kwenye kichaka New York 1820, mpango wa wokovu, toba, ubatizo, Neno la Hekima yaani ile sheria ya kutokunywa chai, kahawa na pombe, yote hayo. Ila nguvu kubwa inakwenda kwenye kujifunza kukaa na mtu na kumsikiliza. Mwalimu, ambaye karibu siku zote ni kijana aliyetoka misheni hivi karibuni, anachukua nafasi ya mtu halisi aliyewahi kumfundisha, anakaa kwenye kiti pale anakuwa yule mtu, na wale wawili wanamtembelea mara kadhaa kwa siku tofauti kama vile wanaenda nyumbani kwake.

Nikupe mfano. Mimi nilipenda kuwa mama muuza samaki ambaye mumewe analewa na ada ya mtoto imekwama. Wanakuja masista wawili, wamejiandaa vizuri, wananisalimia, na moja kwa moja wanaingia mwaka 1820, dakika ishirini, aya baada ya aya, bila kuniuliza hata jina la mtoto wangu. Wakimaliza nawaambia asanteni wanangu, wateja wananisubiri. Wanatoka wamechoka. Tunakaa chini nawauliza, yule mama analia kwa ajili ya nini? Hawajui. Basi kesho yake wanarudi, safari hii mmoja ananiuliza habari za biashara, ananyamaza anasikiliza, anauliza mtoto yuko darasa la ngapi, na nikishasema yaliyo moyoni mwenzake ananisomea aya moja tu inayonihusu na kuniuliza kama wanaweza kuomba pamoja nami. Hapo darasa zima linabadilika. Kwangu hiyo ndiyo maana ya kituo, kijana wa miaka 19 au 21 ajifunze kwamba aliyekaa mbele yake ana mzigo wake, na asimpite kwa haraka ya kumaliza somo. Hata akirudi akawa mwalimu, nesi, au mfanyabiashara Kariakoo, hilo linabaki naye.

Kwa kuwa wewe ni Mlutheri nitasema na hili wazi. Jina kamili ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, na tangu 2018 viongozi wake wameomba sana liitwe hivyo badala ya Mormoni. Najua makanisa mengi hayakubaliani nalo kwenye mafundisho kadhaa, kuhusu Utatu na kuhusu maandiko ya ziada, na sitaki kukuambia tofauti hizo hazipo. Nachoweza kukuhakikishia ni kwamba kituoni hatofundishwa kumdharau mama yake wala kanisa lililomlea. Akija kukuambia kitu kinachokuuma, mwambie kimekuuma, mzungumze.

Jumapili ratiba inalegea kidogo, wanakuwa na mkutano wa sakramenti, mkate na maji, na jambo moja la kumwandaa nalo, kila mmoja anaandika hotuba fupi kwa Kiingereza kila wiki na hajui kama ataitwa mpaka anasikia jina lake pale pale, umeona tena umuhimu wa mazoezi niliyosema. Jumanne jioni kuna ibada ambayo mara nyingi mmoja wa viongozi wakuu wa kanisa anahutubia Provo na vituo vingine vinaipata kwa video. Na kuna hekalu, nyumba takatifu ya ibada maalum, tofauti na kanisa la kila Jumapili. Hekalu la Accra liliwekwa wakfu Januari 2004, na kwa miaka mingi kijana wa Tanzania, Kenya au Uganda hekalu la kwanza kuliona maishani lilikuwa la huko au la Johannesburg, akiwa njiani kwenda misheni. Sasa tuna la Nairobi, lilizinduliwa Mei 2025, kwa hiyo yawezekana binti ameshaenda au atapitia huko kwanza. Wewe kama sio muumini hutoingia ndani, na najua hilo huwauma wazazi, ila bustani na viwanja viko wazi, ukipata safari ya Nairobi nenda ukatembee upaone.

Simu. Zamani ilikuwa kweli, mmisionari alipiga nyumbani Krismasi na siku ya akina mama basi, kwingine ni barua. Hiyo ilibadilika Februari 2019, sasa wanaruhusiwa kupiga au kuongea kwa video kila wiki, siku yao ya maandalizi, siku ambayo pia wanafua, wanaandika imeili, wananunua sabuni. Siku gani ya wiki utaambiwa akishafika. Kumbuka zile saa tatu, akikupigia saa 2 usiku ya kwao kwako ni saa 5. Ushauri wangu kwenye simu ya kwanza, usianze na "umekonda", wala usimwambie nyumba imekuwa pweke bila wewe hata kama ni kweli, mwulize amefundisha nini na mwenzi wake anaitwaje. Wiki ya kwanza ndio yenye machozi mengi, wavulana kwa wasichana, akilia msikilize tu mpaka amalize.

Na akizidiwa kweli? Kuna rais wa kituo na mke wake, kwa kawaida ni wazee walioitwa kuwa kama wazazi wa pale, kuna walimu, kuna kijitabu wanachopewa kinachowasaidia kujipima msongo kwa rangi, kijani mpaka nyekundu, na kuna washauri wa afya ya akili wanaoweza kuongea naye kwa simu. Kama alishawahi kuwa na tatizo la usingizi, hofu kubwa, au huzuni nzito, tafadhali asifiche kwenye fomu za daktari, naomba sana hili, wengi wanaficha wakiogopa wito utafutwa na matokeo yake wanateseka mbali na nyumbani bila anayejua aanzie wapi kuwasaidia. Huduma hii ni ya kujitolea mama, hakuna mkataba wa kazi, akisema nimeshindwa nataka nyumbani wataongea naye wampe muda wa kutulia, ila mwisho akishikilia anarudi. Na akirudi mapema, iwe wiki ya pili au mwezi wa tisa, nakusihi mpokee kwa mikono miwili na usiruhusu mtu mtaani wala kanisani amwulize kwa nini mbele za watu. Nimewaona vijana waliorudi mapema wakikwepa hata harusi za ndugu zao kwa aibu ambayo hawakustahili kuibeba.

Hela kwa haraka. Mshahara hakuna. Yeye na familia mnachangia kiasi mlichokubaliana na kiongozi wake wa kanisa kulingana na uwezo, kinachobaki kinatoka mfuko wa wamisionari wa kanisa, tiketi ya ndege wanalipa wao, pasipoti na nguo zenu. Wewe kama mzazi usiyekuwa muumini huna deni lolote hapo, ukiweza kumnunulia viatu inatosha.

Nguo ziwe za heshima na nyepesi, pamba, maana Accra na Freetown ni joto la pwani kama Dar tena na unyevu zaidi. Sketi chini ya goti, blauzi zisizobana, na tangu Desemba 2018 masista wanaruhusiwa suruali za kitambaa za ofisini katika shughuli nyingi, kwa hiyo awe nazo mbili. Viatu ndio asifanyie mzaha, kituoni anakaa sana ila uwanjani atatembea kutwa, anunue vya soli nene avivae nyumbani mwezi mzima kabla ya safari vimzoee. Kitenge aweke kimoja, atakitumia kama shuka, kama taulo, na kama zawadi ya mwenzi wake siku wakiachana.

Njiani atabadilisha ndege, mara nyingi Addis Ababa au Nairobi, na akitua Accra ataulizwa cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Hiyo chanjo achome mapema, isipungue siku 10 kabla ya safari ndipo cheti kinahesabika, na kile kikadi asikitupie kwenye begi kubwa linaloenda chini ya ndege, akishike mkononi pamoja na pasipoti na barua ya wito.